Sauti Iliyo Chini ya Yangu

Mdogo wangu Kengele,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto, na Mama kuliko wote. Natumaini mu wazima. Mimi ukiniuliza, mwili haujambo: nakula, nalala, gitaa lipo ukutani na paa halivuji. Mengine utayasoma humu ndani, na nakuomba uyasome mpaka mwisho, maana najua tabia yako ya kuchana karatasi katikati ukishapandwa na hasira. Umeirithi kwa baba, nami ninayo vilevile, kwa hiyo hapo hatuna la kulaumiana.

Shemeji alifika. Alinikuta kibarazani nabadilisha nyuzi za gitaa, akanisalimu, akakaa kwenye kile kiti cha mguu mbovu kabla sijawahi kumwonya, akaanza kueleza alichotumwa. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, na safari hii anitazame usoni anaposema. Masikini, jasho lilimtoka. Najua amerudi kukuhadithia kwamba kaka yako alimfanya aombe kama mtoto aliyevunja sahani, na najua umesema, ndivyo alivyo, kiburi kimemjaa mpaka puani. Mumeo ni mtu mwema. Mwambie sikuwa na nia ya kumdhalilisha, na kile kiti nimekipiga misumari.

Nilichoelewa ni hiki. Yule mtangazaji wa redio ameandaa onyesho katika ukumbi mkubwa, ule wenye pazia jekundu, na anataka wewe upande jukwaani uimbe nyimbo zangu. Wapigaji wameshapatikana. Nguo umeshashonewa. Kilichobaki ni ruhusa ya mwenye nyimbo, na mwenye nyimbo ni mimi, kwa bahati mbaya yenu. Umeiomba kwa kinywa cha mumeo kwa sababu mimi na wewe hatusemezani. Jibu langu liko huko chini. Usilirukie, kwa sababu ukilisoma peke yake utalielewa vibaya, nasi tumeshaelewana vibaya vya kutosha.

Kwanza acha nitoe ya moyoni.

Unakumbuka tulivyoanza. Chumba cha nyuma, godoro limeegemezwa dirishani, mablanketi yametundikwa ukutani mpaka Mama akatuuliza tunalala na nini. Wewe ukisimama ndani ya kabati, katikati ya makoti aliyoyaacha baba, mlango umeacha upenyo wa kupitisha waya. Humo ndimo ulimoimbia. Mimi nilikaa kitandani na gitaa, nikakufuata. Wenzetu wote wenye kazi hii huweka kwanza sauti ya kuongozea, ya kushikilia wimbo tu, vyombo vikishakaa wanaiondoa na kuweka sauti yenyewe. Lakini wao hujiongozea wenyewe. Mimi nikishika gitaa na kuimba kwa pamoja, mkono hukimbia na kuniacha nyuma, na wewe ulikuwa hukimbii wala huchelewi. Basi uliimba wewe, nami baadaye nikavaa hedifoni, nikakusikiliza masikioni huku naimba juu yako, na nikishamaliza nakufuta. Ndivyo ilivyokuwa tangu wimbo wa kwanza. Wewe mwenyewe ulicheka ukasema kazi yako ni kama ile miti inayoshikilia zege: likikauka inang'olewa, na hakuna anayehamia kwenye nyumba akaiulizia.

Ulicheka, Kengele. Nakukumbusha kwa sababu siku hizi ukihojiwa unasimulia kana kwamba ulikuwa mfungwa mle kabatini.

Albamu ya kwanza, Mlango wa Nyuma, niliifanya kwa hasira. Yule prodyuza mwenye studio ya vioo alikuwa ameniita, akanisikiliza nusu wimbo, akasema mashairi nipunguze, ngoma niongeze, na ubeti wa baba niutoe kwa sababu watu hawataki kusikitishwa. Niliinuka nikamwachia chai yake. Tangu siku hiyo nikaapa kwamba hakuna mtu mwingine atakayetia mkono katika nyimbo zangu. Nikatunga mimi, nikapiga mimi, nikarekodi mimi, nikachanganya sauti mimi, nikatia kwenye mfuko nikatembeza duka kwa duka mimi. Kwenye jalada nikaandika: mashairi, muziki, vyombo vyote na sauti zote, mimi mwenyewe. Ulilisoma ukaniuliza kama na maji ya kunywa nilichota mwenyewe. Nikakwambia ndiyo, na nikaona nimekukomesha.

Hakuna redio iliyoipiga. Kinyozi wa pale kona ndiye aliyeipiga, siku nzima, mpaka wateja wakamwomba abadilishe. Watu walinipiga begani wakaniambia nyimbo ni nzuri, ila weka ngoma. Niliyameza. Nilikuwa kijana, na kijana huweza kumeza mengi akiamini kuna siku atayatema mbele ya umati.

Ya pili, Sina Haraka, ilitembea kidogo. Nilianza kuitwa kwenye vikumbi vidogo, watu wakikaa kwenye viti vya plastiki na kunyamaza, jambo ambalo mwanamuziki wa ngoma hawezi kuliota. Ni wakati ule nilipobadilisha hedifoni, nikisema za zamani zimechoka, hazina nguvu. Nikanunua kubwa zaidi, na sauti nikaipandisha. Siku moja, nikiimba juu yako, ulitoa kichwa kabatini ukaniambia kwamba unajisikia ukiimba kutoka masikioni mwangu, pale ulipo, upande wa pili wa chumba, na kwamba hiyo si kawaida. Nilikujibu kwamba kazi yako ni kuimba, si kuwa fundi mitambo. Ulirudi ndani ukafunga mlango. Hukusema tena. Nami leo nakuuliza, ingawa najua sina haki ya kuuliza: kwa nini hukusema tena? Wewe ambaye hukosi neno kwa mtu yeyote, kwa nini siku ile ndiyo ulichagua kunitii?

Kisha ikaja ya tatu, Kabla ya Kuamka. Naisema bila aibu: ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na huenda kuliko zote nitakazofanya. Wimbo wa Mama akikunja nguo za baba niliuandika huku nalia, na nikauimba mara moja tu, sikurudia. Ulipomaliza sehemu yako ulitoka kabatini ukanibusu kichwani. Nilichanganya sauti peke yangu kwa wiki nyingi. Ulinishauri nimpe mtu mwingine japo asikilize tu kabla sijaitoa, hata yule mwalimu wa kwaya aliyestaafu. Nikakataa. Nikasema sikio langu linatosha.

Na ndipo yule mtangazaji alipoipiga. Hatimaye redio, mdogo wangu, baada ya miaka yote ile ya kubeba mfuko. Nilikaa karibu na redio kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Wimbo ulipoisha akasema wasikilizaji wasikilize tena, kwa makini, chini ya sauti ya mwimbaji, pale anapovuta pumzi. Akasema kuna mwanamke. Akasema anaimba maneno kabla ya mwanamume kidogo tu, kama anayemkumbusha. Simu zikamiminika. Ni nani? Ni mke wake aliyefariki? Ni mzimu? Watu hawakutaka tena kujua wimbo unasema nini. Walitaka kumjua mwanamke.

Alinialika studio. Nikaenda nimevaa shati la sherehe. Akaniuliza ni nani yule mwanamke, nikamjibu hakuna mwanamke. Akaupiga wimbo, akanitazama, akanionyesha kwa kidole: hapo. Nikasema labda ni mwangwi wa chumba. Akacheka, na najua alicheka hewani, mbele ya watu wote wenye redio. Nilirudi nyumbani nimechemka. Niliona ananichezea ili apate cha kuzungumza.

Wiki haikuisha, ukaja wewe.

Sihitaji kukueleza yaliyotokea, ulikuwapo. Ila nataka uone nilivyoyaona mimi. Uliingia bila kubisha hodi, jalada mkononi, kidole chako kwenye yale maneno: sauti zote, mimi mwenyewe. Ukaniuliza kama ni kweli nimekuacha humo ndani makusudi kwa sababu wimbo ulipendeza zaidi, kisha nikakufuta kwenye jalada kwa sababu jina lako lingenipunguzia ukubwa. Nikasema sijakuacha humo, nilikufuta kama siku zote. Ukaupiga kwenye mashine yangu mwenyewe. Ukasimama pembeni yake, na kila ulipojisikia ukainua kidole: hapa, hapa, na hapa. Nami nilisikiliza, Kengele. Nilikaza macho, nilizuia pumzi, nilisikiliza kama ninavyojua kusikiliza. Palikuwa na sauti yangu na gitaa langu, basi. Ukarudisha mwanzo. Nikasikiliza tena. Hakuna. Ndipo nikakwambia yale niliyokwambia, kwamba unasikia unachotaka kusikia, kwamba tangu utoto umekuwa na njaa ya kusikika na sasa umeanza kujisikia hata usipokuwapo. Nikaapa kwa kaburi la baba. Ukaliweka jalada mezani taratibu, ukatoka.

Nilidhani umeona aibu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Baada ya hapo dunia ikagawanyika, na upande wangu hapakubaki mtu. Mtangazaji alikupata, sijui ni nani aliyemwaga mtama, wakakutoa gazetini, wakakupa jina la Sauti ya Chini. Kinyozi akabandua picha yangu ukutani, akabandika yako. Mimi nikaitwa mwizi wa sauti, na watoto wa mtaani wakanitungia wimbo, wenye ngoma. Kisha nikasoma mahali umesema kwamba umenisamehe. Hilo, mdogo wangu, bado limenikaa kooni. Ungenitukana ningekuelewa. Kumsamehe mtu mbele ya watu wakati hajakuomba ni kumvua nguo na kumpa leso ajistiri. Sijakuwia radhi kwa hilo, na sitajifanya nimekuwia.

Halafu ikaja ile simu, ambayo ndiyo iliyofunga mlango. Mjomba ndiye aliyenieleza, baadaye, ilivyokuwa. Kwamba ulimeza hasira zako zote ukanipigia kuniarifu kwamba Mama anaingia chumba cha upasuaji. Kwamba mlikuwa ukumbini hospitali, wewe, shemeji, mjomba na yule shangazi mwenye mdomo, na ulifungua spika ili wote wanisikie nikisema ninakuja. Na kwamba nilijibu, hongereni sana, nisalimie wote, nikakata simu.

Mjomba alikuja mwenyewe mpaka hapa, na miguu yake ile, baada ya Mama kuruhusiwa kutoka. Alisimama mlangoni akanitukana mpaka akachoka. Alisema nimetia pamba masikioni. Nilimtazama mdomo tu mpaka akaondoka, na hilo nalo likahesabiwa kuwa dharau.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu.

Unamjua jirani yangu, fundi wa mageti. Unakumbuka vita yetu na ile mashine yake ya kukatia vyuma, jinsi ilivyokuwa ikianza tu nasi tunatupa kila kitu chini, wewe unatoka kabatini kumpigia kelele juu ya ukuta. Baada ya Kabla ya Kuamka kutoka, kabla ya ile simu yako, nilikutana naye akinunua sigara, nikampa mkono. Nilitaka kumshukuru kwa ustaarabu wake. Nikamwambia nimeona siku hizi anatuonea huruma, kwamba albamu nzima ya tatu niliimba bila mashine yake kunikatiza hata mara moja. Alinishangaa. Alirudia jibu lake mpaka nikalipata, akisaidia kwa mikono. Alisema mashine ile aliiuza, amenunua kubwa zaidi, na inakata vyuma siku nzima. Alisema yeye ndiye aliyekuwa akistaajabu, maana alikuwa akiniona dirishani, juu ya lile godoro, naimba wakati inapiga kelele, akamwambia mkewe, huyu jamaa sasa amekuwa mwanamuziki kweli, hakuna kinachomsumbua.

Nilicheka naye. Nikaenda nyumbani, nikakaa kitandani, nikaona lazima nikapimwe.

Daktari wa masikio alinikalisha kwenye kijichumba chenye kuta za sifongo, kizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kurekodia, akanivika hedifoni, akaniambia nibonyeze kitufe kila nisikiapo mlio. Nilikaa humo nimeshika kitufe. Baada ya muda nikainua macho nimuulize ataanza lini, nikaona kupitia kioo kwamba yuko katikati ya kazi. Aliniandikia kwenye karatasi kwa sababu aliona ninababaika. Mishipa ya ndani imekufa, ya aina isiyofufuka. Ilianza zamani. Aliandika kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, nzito hufuata. Niliuliza kama maana yake ni kwamba mtu anaweza kuendelea kujisikia mwenyewe akiimba, na asimsikie mwanamke. Akaandika: ndiyo, kwa miaka.

Mimi ni kiziwi, Kengele. Nimeliandika mara moja, sitaliandika tena.

Basi niliporudi nikawasha kompyuta. Kusikiliza sikuweza, lakini sauti ina umbo kwenye kioo, unakumbuka, ile mistari inayopanda na kushuka. Nikatafuta mahali ambapo mimi nimenyamaza, pale navuta pumzi, ambapo mstari unapaswa kulala kabisa. Kwenye albamu ya kwanza umelala. Kwenye ya pili una mikunjo midogo, kama shuka isiyopigwa pasi. Kwenye ya tatu ni vilima, wimbo baada ya wimbo. Ni wewe. Nilikuwa nimepandisha hedifoni mpaka mwisho ili nikupate, na maikrofoni ilikuwa inakuchukua kutoka masikioni mwangu. Nilikuwa nakufuta mlango mmoja, unarudi kwa mlango mwingine. Nilikaa nakutazama mpaka jua likazunguka upande wa pili wa nyumba. Kila mahali ulipoinua kidole siku ile palikuwa na kilima.

Kwa hiyo uliyosema yote yalikuwa kweli. Na nilipoapa kwa kaburi la baba, nami nilisema kweli. Chukua hiyo uitafakari, mimi imenishinda.

Utaniuliza kwa nini sikuja mbio kukwambia. Kwa sababu ya kiburi, umeshinda. Nilipima mambo mawili: kuitwa mwizi au kuitwa maskini. Mwizi anatukanwa, lakini hakuna anayemshika mkono kumvusha barabara. Nilimwona yule mtangazaji wako machoni mwangu, akilia hewani, akiandaa onyesho la kunichangia, watu wakinipungia mikono badala ya kupiga makofi kwa sababu mtu amewaambia viziwi hupigiwa makofi hivyo. Nikasema bora waseme nina kiburi, hicho wameshakizoea. Ndiyo maana hata ile simu yako niliipokea kwa kubahatisha, nikajibu nisichokisikia. Na uchungu mwingine, nikuambie usoni: ulikuwa unapanda. Kila wiki naona picha yako. Mimi naondoka kwenye nyimbo zangu, wewe unaingia, kwa kosa langu mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiba chochote. Nilikuonea wivu mpaka chakula kikaniwia kichungu. Bado nakuonea.

Nilijaribu hivyo vidude vya kutia masikioni. Mazungumzo kidogo yanapatikana, ya mtu mmoja, chumba kikiwa kimya. Gitaa linafika kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni. Nikavitoa. Nimegundua nikiweka kidevu juu ya mbao ya gitaa, meno yameshikana, nyuzi zinaingia kwa njia ya mifupa. Hivyo ndivyo nilivyotunga nyimbo nyingine. Ndiyo, zipo, albamu nzima. Sijazisikia hata moja. Najua zilivyo kichwani tu. Nilirekodi, kisha, nikijua tayari jibu, nikampelekea yule prodyuza wa studio ya vioo, amezeeka sasa. Alisikiliza zote, hakukata hata moja katikati. Siku hizi nasoma nyuso kuliko gazeti. Alisema zinahitaji marekebisho kidogo, akanitengenezea chai kwa mikono yake mwenyewe, akaniangalia nikiinywa. Nilijua hapo kwamba sauti yangu imeshapotea njia.

Sasa jibu.

Zichukue. Zote, za albamu tatu, na hizi mpya, ambazo nimekuwekea ndani ya bahasha hii kwenye kile kikadi kidogo cha simu cha kuhifadhia sauti. Utanisikia humo naimba. Usistuke na usilie, sikuimba ili upendezwe, nimekushikilia wimbo tu ujue unapanda wapi na kushuka wapi. Ukishajua, nifute, na uangalie hedifoni zako. Ule wa Mama akikunja nguo, ubeti wa tatu usiukimbilie, mwache amalize kukunja. Na jalada la Kabla ya Kuamka nimelichapisha upya kwa wale wanaotaka kuinunua albamu baada ya onyesho. Panaposomeka sauti, tupo wawili.

Usidhani nakupa kwa moyo mweupe. Nakupa kwa sababu zikibaki kwangu ni kama hazipo. Ningekuwa na masikio nusu ya niliyokuwa nayo wakati wa Sina Haraka, ningekunyima, na ningekunyima kwa furaha. Heri ulijue hilo kuliko uje unishukuru.

Masharti ni machache. Usinitaje kwa ugonjwa jukwaani, wala usimwambie mtangazaji. Usinisamehe tena. Na usinitengee kiti, sitakuja. Nimejaribu kujiona nimekaa pale mbele, mdomo wako unafunguka na kufungika kwa maneno niliyoyaandika mimi, nami nangoja watu wapige makofi ili nijue umemaliza. Moyo wangu hauna nguvu hizo. Usinipigie simu kuniambia ilikwendaje. Niandikie. Na nyimbo mpya zikiwa hazifai, andika hazifai, kwa herufi kubwa, uniondolee mashaka.

Nisalimie shemeji na watoto. Mjomba mwambie nimeyapokea matusi yake yote na hakukosea hata moja, ila sababu aliikosea.

Kwa Mama nina ombi. Pamoja na yote, yeye hakuacha kunipigia. Simu ikiwaka na kuonyesha ni yeye siwezi kuiacha, ninaishika sikioni ingawa napata mvumo tu, na mvumo ukitulia najua ni zamu yangu, namwambia ndiyo Mama, sawa Mama, nimeelewa Mama. Mara ya mwisho alizungumza muda mrefu sana kuliko kawaida yake. Alisimama, akaendelea, akasimama. Kila aliposimama nilisema ndiyo. Sijui aliniomba nini, Kengele, na sijui nilikubali nini. Tangu siku hiyo hajapiga tena. Mkalie karibu, umuulize taratibu bila kumshtua ni jambo gani nilimwahidi, kisha uniandikie upesi, kabla hajachoka kuningoja.

Wako,
Kaka